Kiwanda Kilichokufa Mara Tatu

Mwaka ule wa mchele wa cheti,
vioo vimepakwa buluu ya kufulia
na kandili zimevikwa vikopo,
tulisimama chini ya dirisha la Sohrab, Kiponda,
kusikiliza vita.

Ndege zimekwenda usiku, redio ikasema,
zimekipiga kiwanda, kimeteketea chote.
Nikachomoa penseli sikioni
nikaliandika jina lake nyuma ya daftari la mbata,
jina gumu, kama mwiba wa changu kooni.

Baada ya wiki sita: kimepigwa kile kile. Kimeteketea.
Masika yalipoanza, kile kile tena.

Shaame Vuai, mchochea boila, akanigeukia:
“Fundi, maiti mmoja huzikwa mara ngapi?”

Mimi si mtu wa vita. Nilijualo ni boila.
Ya kwetu, pale Funguni, ilipasuka mwaka uliotangulia,
mwezi wa Rajabu, saa nane za usiku.
Paa liliruka likaangukia pwani,
ukuta wa mashariki ukalala chini.
Aliyeuona moto ule kwa mbali
angeapa: basi, hapa hapana kiwanda tena.
Kulipokucha nikaingia.
Kinu kimekaa pale pale, kimejaa vumbi la chokaa,
mkanda umekatika,
gurudumu limepinda kidogo tu.
Siku ya tisa tulikamua mbata chini ya makuti.
Mwezi haukwisha, tumeshapita kipimo cha zamani,
maana Sohrab alituongezea saa
nasi tukazifanya, kwa hasira tu.

Mcha Ameir hakurudi siku ya tisa.
Wala binti wa Bi Mwanakombo, nyumba ya ubavuni,
aliyeegemeza kitanda chake ukutani kwetu
kwa sababu ukuta ule una joto.
Ukuta tuliujenga upya, kwa mawe yale yale.

Tena ni usiku, jamani. Mnasahau kuwa ni usiku.
Mtoto akirusha jiwe mnazini gizani
haangui dafu,
hupiga bati la jirani akavuna matusi.
Sembuse yule aliye juu ya mawingu,
mizinga inamtafuta, mikono imemfa ganzi.
Akirudi huulizwa: umekipata?
Hujibu: nimeona moto.
Na moto hausemi unakula nini.
Usiku huwaka upesi paa, godoro, kanga kambani.
Chuma hungoja asubuhi.

Mselem mpika halua hakuzipenda hesabu zangu.
Alinitungia pale pale, watu wakacheka:

*Fundi wacha shaka zako, vita havitaki hoja,*
*Jabali lina mwanguko, nyundo haipigwi moja.*

Zilinyooka. Sikuwa na jibu la vina.
Nikamuuliza tu: na hiyo nyundo,
kabla haijafika jabalini,
imepita juu ya vidole vya nani?

Akanyamaza. Lakini usiku ule sikulala,
kwani huenda haki ilikuwa yake.
Huenda kisingepigwa kingetoa mara mbili,
na mizinga hiyo ya ziada ingemwua mtoto wa mtu mwingine.
Kisichotengenezwa hakina daftari.
Niliugeuza ukurasa, nikatafuta mahali pa kukiandika,
sikupaona.

Askari wa zamu akagonga: “Zima taa!”
Nikazima.
Hapajapata kuja ndege hata moja juu ya Ng’ambo,
ila giza tulilitii kama sala.

Vita vikaisha. Hakuna aliyetuambia kiwanda kile
kilikufa mara ya ngapi.

Juzi nilipita Funguni zamu zikibadilishana.
Kinu kinanguruma.
Niliweka kiganja kwenye ukuta wa mashariki:
una joto.
Na upande wa pili, ndani, nikasikia kitanda kikilia,
mtu anajigeuza.
Wameshapangisha.